Mashine ya Msasa: Namna ya Kuitayarisha na Kuitumia kwa Usalama

Kenol ni mji wa njia panda. Hapo ndipo barabara ya kwenda Murang'a inapoachana na barabara kuu itokayo Thika kwenda Sagana, Karatina na Nyeri. Jina la mji lilitokana na kituo cha petroli cha kampuni ya Kenol. Kampuni hiyo, iliyokuwa imekuwa KenolKobil, ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, lakini mji haukubadili jina lake. Penye njia panda hapakosi biashara, na penye biashara hapakosi mafundi. Basi kando ya barabara hiyo, kama katika miji mingine iliyo karibu na Mlima Kenya, mpita njia huona vitanda, makabati, milango na viti vimepangwa nje ya karakana vikingoja wanunuzi.

Zamani kazi ya kulainisha mbao ilifanywa kwa mkono peke yake. Baada ya kupiga randa, fundi alizungushia karatasi ya msasa kipande cha mti, kisha akasugua mpaka bega likachoka. Siku hizi karakana nyingi zina mashine ndogo ya umeme inayoshikwa kwa mkono mmoja, yenye kitako cha duara kinachobandikwa msasa. Jina lake la Kiingereza likitamkwa kwa ulimi wetu huwa "sanda". Sisi tutaiita mashine ya msasa, kwa maana sanda katika Kiswahili ni nguo ya maiti, na makala haya yameandikwa kwa ajili ya walio hai.

Mafundi wengi hudhani ya kwamba kazi nzuri ni jambo moja, na usalama ni jambo la pili linalochelewesha lile la kwanza. Katika mashine hii sivyo. Mambo yanayoharibu sura ya mbao ndiyo yayo hayo yanayomdhuru fundi, nayo ni matatu: vumbi lisiloondolewa, msasa uliokwisha makali, na mkono unaokandamiza kupita kiasi. Mwenye kuyashinda hayo matatu atapata meza laini na kifua kizima.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Kitako cha mashine hii hufanya miendo miwili kwa wakati mmoja. Huzunguka kama gurudumu, na papo hapo huyumba katika duara dogo sana, lenye upana wa milimita 2 hadi 5. Mfano wake ni mtu anayepiga kiatu rangi: kitambaa chake huenda duara duara, huku mkono wote ukisogea toka kisiginoni hadi kwenye ncha. Kwa kuwa miendo hiyo miwili huchanganyika, hakuna chembe ya msasa ipitayo njia ile ile mara mbili mfululizo. Ndiyo sababu mashine hii haiachi mikwaruzo mirefu, na fundi aweza kuipitisha hata mahali ambapo mbao mbili zimeungana na nyuzi zake zinaelekea pande mbalimbali.

Injini hufanya mizunguko mingi, aghalabu kati ya 4,000 na 12,000 kwa dakika. Lakini kitako hakikufungwa kwa nguvu kwenye injini; kinaendeshwa kwa ulegevu juu ya beringi. Kikigandamizwa sana juu ya mbao, huacha kuzunguka na kubaki kikiyumba tu. Hili ni jambo kubwa la kukumbuka, nasi tutalirudia hapa chini.

Wako wanaofunga msasa katika grainda ya kukatia chuma ili wamalize upesi. Hiyo ni hatari. Grainda haiyumbi, inazunguka tu, kwa kasi na kwa nguvu, nayo huchimba mbao, hurusha kipande kilichoshikwa vibaya, na hutawanya vumbi pande zote bila mfuko wa kulipokea.

VUMBI LISILOONEKANA

Randa hutoa maranda, na msumeno hutoa unga mzito unaoanguka chini. Mashine ya msasa hutoa vumbi jembamba zaidi. Sehemu yake yenye chembe kubwa hukamatwa na pua. Sehemu nyingine ina chembe ndogo mno kuliko unene wa unywele wa mtu. Haionekani kwa macho ila katika mwali wa jua upenyao dirishani, huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, nayo hufika ndani kabisa ya mapafu.

Madhara yake yalijulikana zamani. Katika miaka ya 1960, Daktari Esmé Hadfield, bingwa wa magonjwa ya masikio, pua na koo huko High Wycombe, Uingereza, mji uliosifika kwa utengenezaji wa viti, alitambua ya kwamba wagonjwa wake wenye saratani ya pua ya aina isiyo ya kawaida walikuwa mafundi wa samani. Mwaka 1968 yeye na wenzake, miongoni mwao Daktari Donald Acheson, waliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hatusemi ya kwamba kila fundi atapatwa na ugonjwa huo. Ni ugonjwa wa nadra, na mara nyingi huchukua miaka mingi kabla ya kujitokeza. Yaliyo ya kawaida zaidi ni kikohozi kisichoisha, pumu, mafua ya kila siku, macho kuwasha na ngozi kutoka vipele. Katika nchi yetu mti wa mgrivea, uliotoka Australia ukapandwa kwa wingi mashambani, hasa kutia kivuli katika kahawa na chai, hutumiwa sana kwa samani. Nao huwatia baadhi ya watu upele na mwasho wa ngozi. Vumbi la mvule nalo huwapa wengine chafya na kubanwa na kifua. Mtu anayeona dalili hizo zikizidi siku za kazi na kupungua siku za mapumziko asizipuuze. Amweleze daktari kazi anayoifanya, wala asiseme tu kwamba ana homa ya mafua.

KABLA YA KUWASHA

Kwanza, soma kibandiko cha mashine. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja katika soketi ya hapa, itakwenda kasi ya kupita kiasi kisha itaungua. Anayenunua mashine iliyokwisha kutumiwa asitoe fedha kabla hajakisoma kibandiko hicho.

Pili, tazama waya na plagi. Waya uliochunwa au uliofungwa kwa nailoni haufai, ubadilishwe. Mashine nyingi za namna hii zina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake zimekingwa maradufu, na waya wake una nyuzi mbili tu bila ule wa kwenda ardhini. Hilo si kosa. Kadhalika tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kwa mashine isiyozidi wati 700, fyuzi ya ampea 3 yatosha. Ile ya ampea 13, ambayo mara nyingi hutiwa bila kufikiri, yaweza kuuacha waya mwembamba uungue kabla yenyewe haijakatika. Ikiwa unatumia waya mrefu wa nyongeza uliozungushwa katika gurudumu lake, ukunjue wote, maana uliozungushwa hupata joto. Karakana iliyo na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, ina kinga kubwa kuliko isiyo nayo. Usifanye kazi penye maji wala mvua inaponyesha juu ya kibanda kisicho na kuta.

Tatu, kagua mbao yenyewe. Ng'oa misumari na pini, maana ncha moja ya chuma hurarua msasa, huharibu kitako, na hutoa cheche. Kisha ifunge mbao kwenye meza ya kazi kwa vibanio, au uiweke juu ya mkeka wa mpira usioteleza. Kamwe usilainishe kipande kilicho mapajani, wala usimwambie kijana akushikie.

MSASA NA MATUNDU YAKE

Kila unapotaka kubadili msasa, chomoa plagi kwanza. Na kama mashine ni ya betri, toa betri. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa kuwa kidole huweza kuigusa tena bila kukusudia.

Misasa mingi ya mashine hizi ina kipenyo cha milimita 125, yaani inchi 5, na mingine milimita 150, yaani inchi 6. Nyuma yake ina kitambaa kinachonasa katika vikulabu vidogo vya kitako, kama kifungo cha kiatu cha mtoto kinachobanduliwa kwa sauti ya kuchanika. Vikulabu vikijaa vumbi havishiki. Visugue kwa mswaki mkavu kabla ya kubandika msasa mpya.

Matundu yaliyo katika msasa hayakutobolewa kwa pambo. Ndiyo mlango wa vumbi. Ndani ya mashine kuna feni inayolivuta vumbi kupitia matundu hayo na kulipeleka katika mfuko. Basi matundu ya msasa lazima yakae sawasawa juu ya matundu ya kitako. Kuna misasa yenye matundu 5, kuna yenye 8, na mingineyo. Nunua unaolingana na kitako chako. Ukibandika upande upande, au ukikata duara kutoka karatasi ya kawaida isiyo na tundu hata moja, umeufunga mlango huo. Hapo vumbi lote hubaki kati ya msasa na mbao. Fundi huvuta sehemu yake, na sehemu nyingine hukwama katika msasa, ikawa vidonge vidogo vigumu vinavyochora mbao alama za kujikunja kama mkia wa nguruwe. Alama hizo hazionekani mpaka vanishi ikauke, na wakati huo mwenye meza huwa amekuja kuichukua.

Mfuko wa vumbi umwagwe kabla haujajaa nusu. Uliojaa hauvuti tena. Aliye na mashine ya kufyonza vumbi aiunganishe kwa bomba mahali pa mfuko. Hiyo ndiyo njia iliyo bora, maana mfuko mdogo huzuia chembe kubwa kuliko unavyozuia zile nyembamba.

WAKATI WA KAZI

Ikalishe mashine juu ya mbao, kitako kikiwa kimelala sawasawa, ndipo uiwashe. Ukiiwasha hewani, kitako hupata kasi yote, na kikigusa mbao kwa ghafula huchimba shimo. Ukimaliza, iinue ingali inakwenda, kisha uizime mara moja. Usiiweke chini mpaka kitako kimesimama kabisa. Kama kitabu cha mashine yako kinaagiza vingine, kifuate kitabu.

Acha uzito wa mashine ufanye kazi, pamoja na uzito wa mkono wako uliotulia juu yake. Usiongeze mwingine. Ili ujue kama unakandamiza, chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino pembeni mwa kitako. Unapofanya kazi, utazame mstari huo: ukiuona ukizunguka polepole, umefanya vyema, ukiuona umesimama mahali pamoja, unakandamiza. Kitako kisichozunguka hukwaruza mahali pamoja, hutia mbao joto, hutetemesha mkono, na hakimalizi kazi mapema hata kidogo.

Sogeza mashine polepole, kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila sekunde. Wengi huikimbiza kama mtu anayepiga pasi akiwa na haraka, na hapo ndipo alama huachwa. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Usiinamishe mashine ili kula mahali penye doa, kwa kuwa utafanya bonde litakaloonekana mwanga ukianguka upande. Katika plaiwudi uwe mwangalifu zaidi: tabaka lake la juu aghalabu halifiki milimita 1, na likitoboka halitengenezeki.

NAMBA ZA MSASA

Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni msasa laini. Kwa samani za kawaida, anza na namba 80 ikiwa mbao ina alama za msumeno, au 120 ikiwa imepigwa randa vizuri. Kisha endelea na 180. Kwa kazi ya vanishi waweza kumalizia na 220. Usiruke kutoka 80 hadi 220 kwa kudhani umeokoa muda, kwa sababu msasa laini hauwezi kufuta mikwaruzo ya ule mkali sana. Utausugua saa nzima na mikwaruzo itabaki.

Ili kujua kama umemaliza namba moja, chora mistari myepesi ya penseli juu ya ubao wote kabla ya kuanza. Mistari ikifutika yote, namba hiyo imefanya kazi yake. Pangusa vumbi, kisha ubadili msasa. Mwisho, kabla ya vanishi, sugua kwa mkono mara chache kwa msasa wa namba ile ya mwisho, ukifuata nyuzi za mbao.

Msasa ulioisha makali utupwe. Wako wanaoutumia mpaka ukawa kama karatasi ya barua, wakisema ni kuweka akiba. Msasa huo haukati. Unachoma mbao, unamlazimisha fundi kukandamiza, na unakula muda wake. Akiba ya namna hiyo hulipwa kwa kazi mbovu.

KINGA YA MWILI

Mfuko na mashine ya kufyonza hupunguza vumbi, lakini haviliondoi lote. Kwa hiyo vaa barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi jembamba, ya namna ya N95 au FFP2, inayoshika uso pande zote. Leso iliyofungwa puani na barakoa ya kitambaa huzuia maranda tu. Ndevu nyingi huacha nafasi ya vumbi kupita pembeni. Vaa miwani ya kazi, na uzibe masikio ukifanya kazi kwa muda mrefu, maana masikio huharibika kidogo kidogo bila maumivu. Pumzisha mikono mara kwa mara. Mtetemeko wa miaka mingi hudhuru mishipa na neva za vidole, vikapoteza hisi.

Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, na uangalie upepo unavuma kuelekea wapi. Karakana nyingi zimepakana na vibanda vya chakula na maduka. Jirani hakuagiza vumbi lako. Usifagie likiwa kavu wala usijipulizie nguo kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa utalirudisha hewani. Nyunyiza maji kidogo sakafuni, au pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Jioni oga na ubadili nguo kabla ya kuwapakata watoto.

MOTO NA SUMU

Vumbi la mbao lililotawanyika hewani huwaka kwa mlipuko. Usilimwage katika moto, na usivute sigara karibu nalo. Mfuko wenye vumbi lililochanganyika na vanishi usilale ndani ya karakana. Vitambaa vilivyopangusia mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja, au vitiwe katika chombo cha chuma chenye maji na kufunikwa. Vikirundikwa huweza kujipatia joto na kuwaka vyenyewe bila kiberiti.

Mbao nyingine hazifai kabisa kutiwa msasa wa mashine bila kinga kamili. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Nguzo za umeme na za ua aghalabu hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu kali; zisilainishwe kufanywa samani, wala vumbi lake lisitumiwe jikoni au katika banda la kuku. Ubao wa MDF hutoa vumbi jembamba kuliko mbao nyingi, nalo hubeba gundi ambayo mara nyingi huwa na formaldehaidi.

WAJIBU WA MWENYE KARAKANA

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri kulinda afya ya watu wanaomfanyia kazi, na kuwapa vifaa vya kujikinga wanaposhughulika na vitu vyenye madhara. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya viwanda vikubwa peke yake. Kibanda cha mabati kando ya barabara nacho ni mahali pa kazi. Kwa upande wake mfanyakazi amepaswa kuvitumia vifaa alivyopewa.

Jambo hili lawahusu zaidi vijana wanaojifunza. Aghalabu mwanafunzi ndiye anayepewa kazi ya msasa, kwa kuwa ni kazi ya kuchosha, na fundi mkuu hubaki na vipimo na viungo. Kijana huyo akianza akiwa na miaka 18, ana miaka 40 ya kuvuta hewa ya karakana mbele yake. Atakayomwona bwana wake akifanya ndiyo atakayofanya, na ndiyo atakayowafundisha wengine.

Mambo yaliyoelezwa hapa hayahitaji fedha nyingi. Kulinganisha matundu ni bure. Kumwaga mfuko ni bure. Kulegeza mkono ni bure. Mstari wa kalamu ni bure. Barakoa na msasa mpya hununuliwa, lakini bei yake ni ndogo, hailingani na meza iliyorudishwa na mteja, wala na safari ya hospitali. Fundi atakayeanza na hayo ya bure kesho asubuhi ataona tofauti juu ya mbao kabla ya saa sita, na mwanafunzi wake atakuwa amelijifunza bila hotuba.